Ubeti Nilioukata

Mwanangu Aziza,

Umeenda kwa shangazi yako kuagana, na ninavyomjua dada yangu hatakuachia mpaka amekulisha mara mbili na kukupa nasaha za mwaka mzima. Kwa hiyo habari za kula, kuswali, kufunga mlango na kutokutoa simu barabarani nimemwachia yeye. Ananishinda kwa hayo, na tena anayapenda. Mimi nina langu moja tu, na nimeshindwa kulisema wiki nzima. Jana nilikuita, ukaja na taulo kichwani, ukaitika, "Abee, Baba," nikakuuliza kama umeiona bisibisi yangu. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Ukaniangalia, ukacheka, ukaenda zako.

Basi naandika. Nimekaa ukumbini, begi lako liko mbele yangu limeshafungwa kamba, na nyumba imeanza kunyamaza kabla hata hujaondoka. Leo mchana nilipita parkingi kumwuliza dereva kama safari yako ya Bujumbura kesho ipo. Nikuambie ukweli wangu wote: nilikwenda na tumaini la aibu, kwamba atasema mafuta hakuna, kama wiki ile, na wewe utakaa nami siku mbili tatu zaidi. Akapiga kofi ubavu wa gari, akacheka. "Limejaa, Mzee Rajabu! Nimelala kwenye foleni kwa ajili ya binti yako." Nikasema alhamdulillahi. Moyoni sikuwa na alhamdulillahi yoyote.

Unakumbuka tulivyokula samaki wa mukeke Ijumaa ile, ukanieleza mipango ya yule kijana wa studio ya Bujumbura? Ulisema atazichukua nyimbo zako zote, aziweke kwenye zile programu za simu ambako mtu anasikiliza tu, hanunui wimbo wowote. Watakusikia Kigoma, Uvira, Maskati, mpaka Kanada. Nikakuuliza, na wewe utakula nini? Ukanijibu, "Kwanza wanijue, Baba. Wakishanijua, pesa itafuata yenyewe."

Nikaweka tonge chini, nikatoka nje. Ulidhani nimekasirika. Ulimwambia shangazi yako kwamba baba hataki uondoke, na yeye, mdomo wake unavyomwasha, akaja kunifokea mpaka mlangoni. Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa. Maneno yale ni yangu. Neno kwa neno niliwahi kumwambia mama yako, nikiwa na umri wa kujiona najua kila kitu.

Mama yako unamkumbuka kwenye biashara ya mawese, na baadaye kwenye ugonjwa. Kuimba kwake hukukukuta. Aliacha ukiwa bado unalala mapajani mwake. Sauti yake umeijua kwenye simu za watu, kama mtu baki. Ukiwa msichana mdogo ulikuwa unasimama karibu na kinyozi kwa kuwa yeye alikuwa anaupiga ule wimbo wa mama, na mimi nikikuona nilikuwa nageuza njia. Hukuwahi kuniuliza kwa nini Mama hauimbi hapa nyumbani.

Mama yako Hawa alikuwa anaimba, Aziza! Wacha waimbaji wa sasa wanaopigia kelele kipaza sauti. Harusi ya Waswahili hapa Rumonge bila Hawa ilikuwa ni kula pilau na kurudi nyumbani. Anaanza taratibu, kama anazungumza na mtu mmoja, wanawake wananyamazishana, halafu utaona mmoja anainuka kwenye mkeka. Anakwenda kwa madaha, bega huku bega kule, noti ameishika juu watu waione, anambandika Hawa kwenye paji la uso. Hawa anamtaja jina ndani ya wimbo. Mwenzake akisikia naye anainuka. Hata wale wazee wabahili wa duka la vitambaa, ambao kukupunguzia bei ya uzi ni msiba, niliwaona kwa macho yangu wakiinuka kwenda kumtuza.

Mimi sikuinuka hata siku moja. Nilikuwa naye kila harusi, maana mimi ndiye niliyekuwa mtu wa waya: spika, betri, kipaza sauti, vyote vyangu. Nilikaa kitini kando ya spika, mguu juu ya mguu. Kwetu mume hamtuzi mkewe, unajua. Watu watamcheka, watasema anatoa mfuko wa kulia anatia wa kushoto. Ndivyo tulivyosema wanaume wote, nami nikasema pamoja nao. Baada ya harusi mama yako alikuwa ananiuliza njiani, "Leo niliimba vizuri?" Nami najibu, "Spika ya kushoto ilikoroma kidogo." Subhanallah. Mtu anakuuliza hivyo, wewe unamjibu habari za spika.

Halafu akarekodi. Aliuza mawese misimu kadhaa akiweka akiba, akaenda Bujumbura na rafiki yake mpiga kinanda, akarudi na boksi la CD. Kwenye jalada amevaa lile gauni la kijani na ushungi, anacheka upande. Akawa anaziuza mwenyewe. Anakwenda nazo harusini, msibani hapana, sokoni ndiyo, na kila anayenunua anamshika mkono, anamwuliza jina lake, anamwambia maneno mawili matatu. CD moja ilikuwa inachukua muda kama wa kuposa. Mimi nilikuwa nikitazama nasononeka kwa uvivu wa biashara ile. Nikamwambia, "Hawa, unauza kimoja kimoja kama nyanya! Hivi lini watakujua?"

Wakati huo nilikuwa na meza yangu sokoni, chini ya turubai la buluu: kompyuta moja nzito, betri ya gari, na nyaya za kuchajia simu zimening'inia. Watu wananiletea kadi za kumbukumbu za simu zao, nawajazia nyimbo, wananilipa kwa kujaza. Mwimbaji wa wimbo hakuwemo katika hesabu hiyo. Hakuna aliyeuliza, nami nilijiona fundi, tena msomi.

Basi nikachukua CD moja ya mama yako bila kumwambia, nikaziingiza nyimbo zake kwenye kompyuta, nikaanza kumpa kila mteja. Bure. Aliyekuja kuchaji simu, bure. Dereva wa moto, hizi pikipiki, bure. Wavuvi wa Minago, wauza dagaa, hizi ndagala, wa Gitaza, vijana wa mashamba ya michikichi ya Kizuka, wote, njoo uchukue, ni mke wangu huyo! Ilikuwa fahari, wallahi haikuwa ubaya. Nilidhani namjengea jina. Nilidhani watu wakilewa sauti yake kwenye simu watamwita kila harusi kutoka hapa mpaka Bujumbura.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penyewe. Kadi za siku zile zilikuwa na nafasi ndogo, na mteja alitaka nyimbo nyingi kadiri inavyowezekana. Nyimbo za mama yako ni ndefu, unazijua. Na mwisho wake, mimi nilijiambia, ni majina tu, ni yale ya kuwataja waliomtuza. Nani anataka kusikia majina? Nikazikata mikia. Zote. Sauti inapoanza kuingia kwenye beti za mwisho, mimi chwaa, nimekata, nimepata nafasi ya wimbo mwingine.

Jioni nikamwambia, nikiwa nimejaa furaha. Nikamwambia pwani nzima sasa inakuimba, kwanza wakujue, pesa itafuata yenyewe. Alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akaniuliza, "Umezisikiliza mpaka mwisho, baba Aziza?"

Nikasema, "Nimezisikiliza. Nzuri sana, mashallah."

Sikuwa nimezisikiliza. Nilikuwa nimesikiliza kiasi cha kujua pa kukata. Akanitazama muda, akaokota ungo wake, akaendelea kupepeta. Mama yako hakuwa mtu wa kurudia neno. Mimi nikachukua kimya chake nikakifanya ridhaa.

Na kweli wakamjua. Ee, walimjua! Ilianza harusi moja ya Kizuka. Tulialikwa kama wageni, na hilo peke yake lingenishtua kama ningekuwa na akili. Mwenye harusi alikodi spika ya kijana mmoja, kijana akachomeka kadi, na sauti ya mama yako ikatoka imejaa uwanja. Wanawake wakainuka, bega huku bega kule, noti juu. Wakambandika yule kijana wa spika. Mama yako amekaa kwenye mkeka katikati ya wenzake, wewe umelala mapajani mwake. Mwanamke mmoja akamgusa goti: "Hawa! Si wewe huyo unayeimba?"

"Ni mimi," akasema, akaendelea kula.

Kijana yule, wimbo ulipofika pale nilipoukata, akaunganisha mwingine. Hakuna aliyetajwa jina.

Wakaacha kumwita. Si kwa chuki, la! Walimpenda sana. Kila mtu alikuwa naye mfukoni, sasa wamwite wa nini, wamlipie nauli, wamtafutie na mpiga kinanda? Walionunua CD wakawa wanachekwa: umelipa kitu ambacho Rajabu anakigawa? Boksi likarudi chini ya kitanda. Mama yako akarudi kwenye mawese moja kwa moja, na siku moja nikagundua kwamba hata jikoni haimbi. Sikumwuliza. Nilisubiri aseme yeye. Miaka ikapita hivyo, mtu na mkewe, tunaulizana chumvi.

Ziwa lilipopanda likachukua ile nyumba ya chini, ulikuwa mkubwa, unakumbuka. Tuliokoa magodoro, tukaokoa kompyuta yangu mbovu, Mungu anisamehe. Boksi lilibaki, pamoja na ile CD niliyoirudisha humo. Mama yako alisimama na maji magotini akiangalia mlango, nikamwambia tutarudi kulichukua. Tuliporudi maji yalikuwa yamefika dirishani. Basi CD za Hawa zikawa zimekwisha duniani, au ndivyo nilivyoamini, na kilichobaki ni zile nakala zangu zisizo na mwisho, zinazorukaruka simu hadi simu.

Tangu amefariki, mwanangu, sijui nikueleze vipi. Sauti yake iko kila mahali isipokuwa ndani ya nyumba yake. Nikipanda moto, dereva anamsikiliza. Nikinunua sabuni, dukani yupo. Usiku wavuvi wanapokuwa ziwani na taa zao, upepo ukigeuka, namsikia anakuja juu ya maji. Nakaa kitandani namsubiri. Najua anapokwenda, najua atakapopandisha, najua anavuta pumzi, na papo hapo anakatika. Palepale. Kila usiku anakatika palepale nilipomkata, kisha linaingia goma la Kongo. Wewe uko chumba cha pili umelala, nami nashindwa hata kukuamsha, maana nitakuamsha nikuambie nini?

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Unakumbuka mwezi uliopita nilikuambia nakwenda Minago kutengeneza redio ya mtu? Nilikwenda Minago, hilo ni kweli. Redio haikuwa mbovu.

Ilianza na mwanamke muuza ndagala aliyekuja mezani kwangu kuchaji simu. Kijana wa meza ya jirani alikuwa anaupiga wimbo wa mama yako, ukakatika kama kawaida yake. Yule mwanamke akacheka: "Huyu wenu iko anakatwa. Wa mama mukubwa yangu, kule Minago, uko muzima." Nikamwuliza anaitwa nani huyo mama. Akaniambia Mama Espe, nyumba iko juu ya barabara, ukiona mtungi wa buluu mlangoni umefika.

Nikaenda. Nikamkuta mama mtu mzima, mfupi, anaanika mihogo, kuku wamemzunguka. Nikamwamkia amahoro, akaitikia, akanipima kuanzia kichwa hadi viatu.

"Weye ndiyo bwana yake Hawa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ule wa kadi?"

Nikasema, "Ule wa kadi."

Akapangusa mikono, akanipa kigoda. Nikamweleza nilichofuata: nina kompyuta ndogo ndani ya mfuko, naomba aniazime CD kidogo tu, nikopi, nimrudishie papo hapo. Akacheka, lakini si kicheko cha kukaribisha mtu. "Kukopi tu! Baba, si ndiyo hiyo 'tu' yako ilimumaliza Hawa, bibi yako? Hapana. Hii nilinunua. Hawa mwenyewe alinishika mukono, kule harusi ya Gitaza, akaniuliza jina yangu. Ukitaka kusikiliza, kaa usikilize na masikio."

Umeme ulikuwa umekatika. Tukakaa. Akanipa ubugali na ndagala, tukala, saa zikaenda. Nikamwuliza kwa nini ameitunza miaka yote hiyo na nyimbo zimejaa bure kwenye simu. Akanishangaa kama nimeuliza kwa nini hauzi watoto wake. "Pesa yangu, franga yangu, ilitoka hapa," akasema, akajipiga kifuani kwenye fundo la kitenge. "Kitu chako unakitupa?"

Hapo nikakumbuka meza yangu. Maisha yangu yote, Aziza, watu wananiletea kadi iliyojaa wananiambia, "Futa hizi, weka zingine." Nimefuta waimbaji wangapi kwa kidole hiki, sijui. Hakuna aliyewahi kusikitika, maana hakuna alichotoa. Sikuwahi kuona mtu ananiambia nifute wimbo alioununua kutoka mkononi mwa mwimbaji mwenyewe.

Umeme uliporudi akaleta CD. Imefungwa kwenye kipande cha kitenge, kisha kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye kitenge tena. Gauni la kijani lile. Anacheka upande. Nikageuza uso kwanza. Mama Espe akaitia kwenye redio yake, akabonyeza, akarudi kwenye mihogo yake, akanipa mgongo. Ilikuwa heshima, nilielewa.

Wimbo ukaenda. Ukafika palepale, akavuta pumzi, mwili wangu wote ukajikunja kusubiri kukatika. Haukukatika. Aliendelea. Akawataja watu: mama fulani wa Kizuka, bibi fulani wa Minago, fundi cherehani wa sokoni, mmoja mmoja, taratibu, kwa furaha. Halafu akasita, kinanda kikabaki peke yake, na alipoingia tena alikuwa anacheka ndani ya sauti, kile kicheko chake cha kunichokoza:

*Wametuza majirani, wametuza na wageni,*
*Wametoka na sokoni, wametoka na ziwani,*
*Mmoja yuko kitini, hainuki ana nini?*
*Simama wangu mwendani, nami unituze lini?*

Ukaisha. Mimi nikabaki pale kwenye kigoda cha watu.

Kitini ni mimi, Aziza. Miaka yote ile ya kando ya spika, alikuwa ananiona. Hakutaka kuniambia mbele ya watu akaniaibisha, hakutaka kuniambia ndani tukagombana. Akaniwekea kwenye wimbo, mwisho kabisa, pale ambapo atafika mtu aliyesikiliza mpaka mwisho. Akarudi nyumbani akasubiri. Na mimi nikaukata ubeti ule ili nipate nafasi ya goma la mtu mwingine, kisha nikamwambia nimesikiliza, nzuri sana, mashallah.

Nililia. Nililia mbele ya mwanamke nisiyemjua na kuku wake. Akaniacha nilie, kisha akasema kwa Kirundi, polepole, "Ihangane," kama tunavyowaambia wafiwa. Niliomba kuinunua CD, nikataja bei ambayo sina. Akaitoa kwenye redio, akaifunga kitenge, plastiki, kitenge. "Weye siwezi kukuuzia. Lete mutoto. Nasikia naye iko anaimba. Yeye aje asikilize mama yake."

Kwa hiyo kesho dereva atasimama Minago, nimeshakubaliana naye. Abiria watalalamika, wacha walalamike. Shuka, panda mpaka nyumba yenye mtungi wa buluu mlangoni, kaa kwenye kile kigoda, umsikilize mama yako mzima mzima. Sijui Mama Espe ataamua nini juu ya ile CD. Ni yake. Usimwombe, na usitoe simu kurekodi.

Habari ya yule kijana wa studio, mimi sikukatazi. Nani mimi wa kukataza? Tena nisikudanganye: bila ule ufedhuli wangu wa kadi, vijana wa leo pwani hii wasingemjua Hawa kabisa. Walimjua. Ila hawakumwita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuuliza mwisho wake uko wapi. Wewe mwenyewe wimbo wako wa kwanza ulisikilizwa na watu ambao wangejaza uwanja wa mpira na wengine wangebaki nje, na ulipofungua kuangalia kilichoingia ulicheka, kisha ukaizima simu. Nilikuwa nyuma yako, nilikuona. Kilichoingia kisingenunua maandazi ya watu wawili.

Lakini wale wanawake wa Kizuka, siku ya Idi, waliokutumia pesa kwenye simu na wewe ukawatumia wimbo mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake umelitaja mwanzoni: ulirudi nyumbani unaruka. Ulinitajia majina yao yote mpaka ukalala. Nilikusikiliza nikamsikia mama yako na boksi lake, nikauma ulimi. Mimi nadhani, na mimi si mtu wa kufuatwa kwa mawazo, wimbo mmoja wa kuitia watu uende huko kwenye programu ukatembee. Zingine usizimwage. Ziuze kwa watu wenye majina, hata kama ni wachache, hata kama kijana wa studio atakucheka kwamba unauza kama nyanya. Nilimcheka mtu kwa neno hilo, na yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Na ukiona inafaa kuzimwaga zote, zimwage. Ni zako. Ila mtu akikuambia amesikiliza mpaka mwisho, mwulize mwisho unasemaje.

Nasikia sauti ya shangazi yako kule njiani, anakusindikiza huku anaendelea kukunasihi, hajachoka. Barua hii naiweka juu ya begi lako, uisome kabla hujalala, kwa sababu nina ombi la kesho asubuhi na sitaki likushtukize.

Jana uliniwekea nyimbo zako mpya kwenye simu yangu, ukasema, "Hizi zako, Baba, bure." Nimezifuta. Usinune, subiri. Kesho parkingi, gari likiwa bado linapakia, watu wakiwa wamejaa, naomba usimame kando ya mlango uimbe. Ule wa mwisho, uliokuwa unaufanyia mazoezi uani ukidhani sisikii. Usiukatize kwa sababu yangu wala kwa sababu ya honi ya dereva, ufikishe mwisho. Watu wakicheka wacha wacheke, mzee anamtuza binti yake, mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Noti ninayo, ni mpya, nimeinyoosha ndani ya msahafu.

Mimi nitakuwa nimekaa kwenye lile benchi la wakata tiketi. Ukianza kuimba tu, utaniona nasimama.

Ni mimi baba yako,
Rajabu